Kuendesha Deki ya Video ya Kitaalamu kwa Vitufe Vyake: Mwongozo Kamili kwa Studio za Dodoma

Upande wa mbele wa karibu kila deki ya video iliyotengenezwa kwa kazi za televisheni kuna swichi ndogo yenye maandishi LOCAL na REMOTE, na swichi hiyo ndiyo inayoamua nani anaiamrisha deki. Ikiwa kwenye REMOTE, amri huja kupitia waya wa pini 9 kutoka kwenye kompyuta, meza ya uhariri au deki nyingine. Ikiwa kwenye LOCAL, deki husikiliza vitufe na gurudumu lake yenyewe tu, na amri zinazopita kwenye waya ule hazina nguvu. Mwongozo huu unahusu hali hiyo ya pili, kwa kuwa mtu asiyeweza kucheza, kutafuta, kurekodi na kuhariri kwa vitufe vya deki hawezi kujua, kompyuta inaposhindwa kunasa picha, kama tatizo liko kwenye programu, kwenye waya au kwenye kanda yenyewe.

Haja ya ujuzi huu haijaisha mjini Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini kuhama kwenyewe kulishika kasi kuanzia 2016, na ofisi inapohama huhama na makabati yake. Ndiyo maana kanda iliyorekodiwa Dar es Salaam na kukaa miaka mingi katika unyevunyevu wa pwani inaweza leo kumfikia fundi wa Area C au wa Chuo Kikuu cha Dodoma akitakiwa aigeuze kuwa faili la kompyuta. Maelezo yanafuata deki za Betacam SP, aina ya kanda za video za Sony, za PAL, yaani mfumo wa picha za televisheni, kama vile Sony BVW-75P na UVW-1800P. Betacam ilianza 1982, SP ikafuata 1986, kisha zikaja Digital Betacam mwaka 1993 na DVCAM mwaka 1996, na mpangilio wa vitufe umebaki karibu ule ule, hivyo anayeimudu moja hatapata taabu kubwa kwa nyingine.

Mahali pa kuiweka na umeme wake

Deki iwekwe juu ya meza imara, ikiwa imelala sawasawa, mbali na dirisha linaloelekea barabara ya vumbi. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu na kina upepo, na vumbi jekundu laini linaloingia kupitia matundu ya hewa hutua kwenye njia ya utepe na kwenye vichwa vya video, yaani visomaji vya utepe. Feni ya mezani isielekezwe kwenye deki, kwa sababu haipozi kitu bali husukuma vumbi ndani. Kiyoyozi chenye chujio safi ni bora zaidi, na baada ya kazi deki ifunikwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ila tu ikiwa imezimwa na kupoa.

Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, nao hukatika. Soma vati zilizoandikwa nyuma ya deki, ongeza za monita na za kompyuta, kisha chagua UPS inayoweza kubeba jumla hiyo kwa dakika za kutosha kusimamisha utepe na kuitoa kanda kwa utaratibu. Umeme ukikatika kanda ikiwa ndani, utepe hubaki umezungushwa kwenye ngoma, yaani silinda inayozunguka yenye vichwa. Hapo usivute kanda kwa mkono wala kwa bisibisi, bali subiri umeme urudi, uwashe deki na uiache ijikunjue yenyewe kabla ya kubonyeza EJECT. Kama haijikunjui, kazi hiyo ni ya fundi anayejua kufungua mfuniko na kuzungusha mota polepole.

Kuunganisha

Nyuma ya deki nyingi za Betacam SP kuna njia tatu za kutolea picha: ya mseto inayopitia waya mmoja, ya S-Video, na ya viambajengo inayotumia nyaya tatu, mmoja wa mwangaza na mbili za tofauti za rangi. Tumia hiyo ya tatu kila kifaa cha kupokelea kinapoiruhusu, kwa kuwa Betacam huandika mwangaza na rangi katika njia zilizotengana kwenye utepe, na kuzichanganya katika waya mmoja ni kupoteza kilichohifadhiwa. Deki nyingi za kidijitali zina SDI, yaani njia ya kutolea picha kidijitali, na zenye hiyo hazihitaji mjadala. Nyaya za picha ziwe za omu 75. Pale tundu la kuingizia linapokuwa na tundu pacha la kupitishia, mwisho wa mnyororo ufungwe kwa kizuizi cha omu 75 au kwa swichi yake, la sivyo picha itang'aa kupita kiasi na vipimo vyote vitadanganya.

Sauti hutoka kwa plagi za XLR, na kiwango cha kawaida ni +4 dBu, ambacho ni kikubwa mno kwa tundu la maikrofoni la kompyuta. Inapobidi kuunganisha na kifaa cha nyumbani, tumia mikisa au kipunguza sauti katikati. Kama studio ina ishara ya marejeo, yaani ile inayovifanya vifaa vyote viende sambamba, iingizwe kwenye tundu la REF VIDEO. Kama haina, deki itajitegemea, na kwa kucheza kanda moja kwenda kwenye kompyuta hilo linatosha.

Kuikabidhi amri mikononi mwako

Washa deki kabla ya kuweka kanda. Sogeza swichi kwenye LOCAL na uangalie taa: katika deki nyingi taa ya REMOTE huzimika. Ukibonyeza PLAY ikiwa kwenye REMOTE na kisitokee kitu, deki si mbovu, maana haijaruhusiwa kukutii. Zipo deki ambazo menyu yake inaruhusu vitufe vya mbele kubaki hai hata kwenye REMOTE, vyote au STOP na EJECT pekee. Mpangilio wa STOP na EJECT pekee ndio ninaoupendelea kwa studio yenye watu wengi, kwa sababu mtu aliye karibu anaweza kuiokoa kanda inayotafunwa bila kumtafuta aliyekaa kwenye kompyuta.

Kisha pitia swichi zilizobaki, ambazo wengi huziruka. Swichi ya kuchagua picha inayoingia iwe kwenye njia uliyounganisha. Swichi ya TAPE na EE iwe kwenye TAPE wakati wa kucheza, kwa kuwa kwenye EE deki ikisimama huonyesha picha inayoingia kutoka nje, na mwanafunzi huamini kwamba anaona kanda kumbe anaona kamera. Swichi ya REC INHIBIT, inayozuia kurekodi, iwashwe kila unaposhughulikia kanda za kumbukumbu. Kitufe cha REC kiko jirani na vitufe vingine, na sekunde mbili za kurekodi juu ya kanda pekee iliyopo duniani hazirudishwi.

Kuikagua kanda na kuiweka

Kanda iliyotoka kwenye baridi ya kiyoyozi au iliyolala usiku garini mwezi Julai iachwe chumbani saa kadhaa kabla ya kuchezwa, ndani ya kasha lake. Sababu ni umande: kitu cha baridi kikiingia kwenye hewa ya joto yenye unyevu, matone huganda juu yake, na utepe wenye unyevu hunata kwenye ngoma inayozunguka. Taa ya HUMID ikiwaka ni onyo la hali hiyo ndani ya deki. Iache deki ikiwa imewashwa, bila kanda, hadi taa izimike yenyewe. Kwa Dodoma hatari hii ni ndogo wakati wa kiangazi, lakini kati ya Desemba na Aprili, mvua zinapokuwa zimeanza, isipuuzwe.

Shika kanda karibu na taa na utazame utepe kupitia kidirisha. Utepe mzima una uso laini wenye rangi moja. Vumbi jeupe au utando unaofanana na wa buibui pembeni mwa reli, yaani gurudumu linalobeba utepe, ni ukungu, na kanda zilizokaa pwani ndizo zinazoongoza kwa hilo. Kanda yenye ukungu isiingizwe kabisa, maana itachafua vichwa, na vichwa vitachafua kila kanda inayofuata. Itengwe kwenye mfuko wake mpaka isafishwe na mtu mwenye vifaa. Kagua pia kizuizi cha kurekodi: kwenye Betacam ni kipini chekundu ambacho kikisukumwa ndani kanda hairekodiwi, na kwenye DVCAM ni kijiswichi cha kusogeza. Mwisho, zungusha reli taratibu kwa kidole kufuata mshale. Ikigoma, utepe haujalegea. Ikizunguka, endelea kidogo mpaka ulegevu uishe.

Ingiza kanda kidirisha kikitazama juu, sukuma katikati, na uache mkono mara deki inapoipokea. Utasikia ikivutwa, utepe ukizungushwa na ngoma ikianza kuzunguka. Sikiliza sauti hiyo kwa siku za mwanzo hadi uizoee, kwani mkwaruzo, mlio mwembamba au kuvuta kusikoisha ndiyo taarifa ya kwanza ya ubovu, na hutangulia onyo lolote la kwenye skrini.

Kucheza na kutafuta

Bonyeza PLAY na usubiri taa ya SERVO, inayoonyesha kwamba mwendo wa utepe umetulia, iwake bila kupepesa, ndipo uiamini picha. Utepe unahitaji muda mfupi kufikia mwendo wake kamili, na ndiyo sababu kurekodi au kunasa huanza sekunde chache kabla ya mahali panapotakiwa. Kitufe cha PREROLL hurudisha utepe nyuma kwa muda huo, ambao kwa kawaida hupangwa sekunde 5.

Gurudumu la kutafutia lina hali mbili. Katika SHUTTLE, kadiri unavyolizungusha ndivyo utepe unavyokwenda kasi, mbele au nyuma, hadi zaidi ya mara 20 ya mwendo wa kawaida katika deki nyingi. Katika JOG, utepe husogea kwa kadiri mkono unavyosogea, fremu kwa fremu. Tafuta eneo kwa SHUTTLE, kisha maliza kwa JOG. Usiiache picha ikiwa imeganda muda mrefu ili kujadiliana na mteja, kwa sababu vichwa vinaendelea kusugua sehemu ile ile ya utepe. Deki zenye kitufe cha STANDBY hukuwezesha kuulegeza utepe, na nyingi hufanya hivyo zenyewe baada ya dakika chache zilizopangwa kwenye menyu.

Namba zinazoonekana zinategemea swichi ya kaunta. CTL huhesabu mapigo yaliyo kando ya utepe na huanza sifuri unapobonyeza RESET, kwa hiyo haifai kuandikwa kwenye daftari la kumbukumbu: kesho, kwenye deki nyingine, haitamaanisha kitu. TC husoma taimukodi iliyorekodiwa, yaani saa, dakika, sekunde na fremu, na katika PAL fremu hukimbia kutoka 00 hadi 24. Taimukodi yenyewe huandikwa kwa njia mbili. LTC iko kwenye njia ya kando na husomeka utepe unapokwenda, hata kwa kasi. VITC imo ndani ya picha na husomeka utepe ukiwa umesimama au unapojongea. Weka swichi kwenye AUTO ili deki ichague. Ukiona namba zinaruka kila unaposimama, yaelekea kanda hiyo haina VITC, na hapo thibitisha fremu ikiwa inachezwa.

Kupanga viwango

Hapa ndipo kazi ya kumbukumbu hufanikiwa au huharibika. Kanda iliyoandaliwa vizuri huanza na milia ya rangi na mlio wa hezi 1,000, na vitu hivyo viliwekwa na aliyerekodi ili wewe, miaka 30 baadaye, ujue alikusudia nini. Swichi ya TBC, yaani kirekebishi cha picha inayotoka kwenye utepe, ikiwa kwenye PRESET, deki hutumia viwango vya kiwandani; anzia hapo daima. Tazama milia kwenye kipimo cha mawimbi, hata kile kilichomo ndani ya programu ya kunasa: katika PAL weusi unapaswa kukaa milivolti 0 na weupe kamili milivolti 700. Vikikaa hapo, usiguse kitu. Visipokaa, hamia MANUAL na urekebishe kwa mpangilio huu: kwanza weusi, kisha kiwango cha picha, kisha rangi, kwa sababu kila kimoja hukisogeza kinachofuata. Macho peke yake hayafai kwa kazi hii, kwani monita ya studio nyingi imewekwa kwa kukisia.

Kanda isiyo na milia, kama zilivyo nyingi za mikutano ya hadhara na mahubiri, ichezwe kwanza dakika kadhaa katika sehemu tofauti, yatafutwe mashati meupe yaliyopigwa na jua na vivuli vilivyo vizito kabisa, na viwango vipangwe kuzuia weupe usipite milivolti 700. Jua la saa sita mchana la uwanja wa Jamhuri huwashinda wapiga picha wengi, na weupe uliokwisha kukatwa wakati wa kurekodi haurudi. Usijaribu kuushusha hadi picha yote iwe giza.

Kwa sauti, mlio wa hezi 1,000 usimame kwenye 0 ya mita ya deki, na upande wa kompyuta usimame kwenye -18 dBFS, ambao ndio mpangilio wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, au -20 dBFS kama studio yako imechagua huo. Chagua mmoja, uuandike ukutani, na usiubadilishe katikati ya kabati. Betacam SP ina njia za sauti 1 na 2 zilizo kando ya utepe, na baadhi ya deki huwa na njia 3 na 4 zilizoandikwa pamoja na picha. Sikiliza zote nne kabla ya kuamua kipi kinaswe, kwa kuwa sauti ya ukumbini huweza kuwa kwenye njia moja na ya mtafsiri kwenye nyingine. Swichi ya kupunguza kelele za utepe, pale ilipo, ifuate jinsi kanda ilivyorekodiwa.

Kurekodi

Zima REC INHIBIT, weka kanda ambayo kipini chake hakijasukumwa, na uchague chanzo cha picha. Ikiwa deki imesimama, hamia EE ili uione picha inayoingia. Vifundo vya sauti katika deki nyingi hutumia kiwango kilichopangwa vikiwa vimesukumwa ndani, na hukubali mkono vikivutwa nje. Viache ndani kama chanzo chako kina mlio wa kipimo.

Taimukodi ina maamuzi matatu. La kwanza ni INT au EXT, yaani deki iitengeneze au iipokee kutoka nje. La pili ni REGEN au PRESET: REGEN huendeleza namba zilizokwisha kuwa kwenye utepe, PRESET huanza na namba unayoipanga wewe. La tatu ni REC RUN au FREE RUN: ya kwanza huenda wakati wa kurekodi tu, ya pili huenda muda wote kama saa ya ukutani. Kwa kanda mpya chagua INT, PRESET na REC RUN, upange 09:58:00:00, urekodi milia na mlio, kisha weusi, ili programu ianze 10:00:00:00. Kuanzia 00:00:00:00 kuna kasoro moja: ukirudi nyuma kidogo kabla ya mwanzo, namba huangukia 23:59 na vifaa vya uhariri huchanganyikiwa.

Bonyeza REC na PLAY kwa pamoja. REC peke yake hairekodi. Kumaliza, bonyeza STOP, kisha rudi na ucheze sekunde chache za mwanzo, katikati na mwisho.

Deki mbili bila kompyuta

Uhariri wa deki mbili unahitaji waya wa pini 9 kati yao, na hapo ndipo swichi ya LOCAL huwachanganya watu wengi kuliko mahali pengine popote. Deki inayorekodi ndiyo yenye mtu, hivyo iwe kwenye LOCAL. Deki inayocheza ndiyo inayoamrishwa, hivyo iwe kwenye REMOTE. Zote zikiwa kwenye LOCAL, vitufe vya PLAYER kwenye deki ya kurekodi havitafanya kazi; zote zikiwa kwenye REMOTE, hakuna anayeamrisha.

Chagua ASSEMBLE unapounganisha vipande kimoja baada ya kingine, ukikumbuka kwamba njia ya mapigo huandikwa upya na hukatika mwishoni mwa kila kipande. Chagua INSERT unapoingiza picha au sauti katikati ya kilichopo, na hilo linawezekana tu kwenye utepe uliokwisha kurekodiwa mfululizo, walau kwa weusi, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika INSERT chagua VIDEO, CH1 na CH2 kila kimoja kivyake. Njia za sauti 3 na 4 haziwezi kubadilishwa bila picha. Bonyeza PLAYER, utafute mahali, ushike ENTRY pamoja na IN. Kisha RECORDER, ufanye vivyo hivyo, na uongeze OUT upande mmoja. PREVIEW huonyesha matokeo bila kurekodi, AUTO EDIT hurekodi, na REVIEW hucheza ulichofanya.

Dalili na tiba

Picha ikijaa chenga ghafla ilhali sauti ya njia 1 na 2 iko sawa, kichwa cha video kimeziba. Rangi ikipotea au ikitoka kwa michirizi huku mwangaza ukiwa mzuri, kilichoziba ni kichwa cha rangi, kwa kuwa Betacam hutumia vichwa tofauti. Simamisha, toa kanda, ingiza kanda ya kusafishia kwa sekunde chache zilizoelekezwa juu yake, na usiirudishe nyuma ili kutumia tena sehemu ile ile. Usisafishe kila siku kwa tahadhari, maana kanda hiyo inasugua. Taa ya SERVO ikipepesa kwenye kanda moja tu, kanda ndiyo mbovu. Ikipepesa kwa zote, muite fundi. Na anayenunua deki iliyotumika aombe aonyeshwe kwenye menyu saa za ngoma, yaani muda ambao imekwisha kuzunguka, si rangi ya boksi.

Kufunga kazi

Rudisha utepe mwanzo kwa mkupuo mmoja, ubonyeze EJECT, na usizime deki kanda ikiwa ndani. Kanda irudi kwenye kasha lake na isimamishwe wima, mbali na spika. Kama kazi inayofuata ni ya kunasa kwa kompyuta, angalia kwanza kwamba REC INHIBIT imewashwa, kwamba kaunta iko kwenye TC na si CTL, na kwamba waya wa pini 9 umekazwa kwa skrubu zake. Kisha ingiza kanda, uicheze kidogo kwa mkono wako, usubiri SERVO itulie, usimamishe, na hapo ndipo usogeze swichi kwenda REMOTE.